Mstari Ulioiacha Kware Nje

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo mikono yangu hutafuta mahali pa kujificha. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua halijawa kali, nami nimesimama ukingoni mwa machimbo ya mawe na karatasi tatu mkononi, nimeambiwa nisome. Karatasi zenyewe nilikuwa nimeziandika mimi. Nilikuwa nimezipenda, nikazisoma nyumbani na kuzisoma tena kazini, na hakuna neno hata moja ndani yake lililonitia aibu mpaka pale nilipotakiwa kulitamka mbele ya watu liliowahusu.

Kaa hapo nikueleze. Najua una haraka, vijana wa siku hizi hata chai mnainywa mkiwa mmesimama. Lakini hili jambo la mipaka ya wadi lililokuleta kwangu si geni, na haraka haraka, wajua mwenyewe, haina baraka.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nikipiga taipu katika ofisi ya wakili mjini Thika, navaa viatu vya kisigino na kuvibeba mkononi nikifika kwenye barabara ya vumbi ya kuja huku Murera. Parokia ilikuwa imenichagua niwe katibu wa baraza lake kwa sababu moja tu, kwamba nilijua taipu. Mimi nikaona nimechaguliwa kwa hekima. Ujana ndivyo ulivyo, ukisifiwa mwandiko unadhani umesifiwa akili.

Tume ya serikali ilikuwa imetangaza kwamba mipaka ya wadi itaangaliwa upya, na kila kundi lenye maoni liyaandike na kuyapeleka Thika siku ya kikao. Padri alitusomea tangazo baada ya misa. Sisi tulitaka wadi yetu wenyewe. Tulikuwa tumechoka kuwa mkia wa wadi kubwa ambayo diwani wake tulimwona wakati wa kura tu, na hata hapo tulimwona akipita. Ombi hilo lilikuwa la haki na sijalijutia. Kilichotuharibia ni mahali tulipoupitisha mpaka.

Mpaka wa kawaida ungefuata mto. Mto uko pale, Mungu ndiye aliyeuweka, na kila mtu anaujua. Lakini upande wetu wa mto kulikuwa na machimbo ya mawe tuliyoyaita Kware, na kando yake kijiji cha mabati cha wachonga mawe na familia zao. Walikuwa wametoka kila pembe, wengine Busia, wengine Machakos, wengine Kisii, na baadhi yao walikuwa Wakikuyu wenzetu wasio na hata kipande kimoja cha shamba. Uchaguzi uliopita kura zao ndizo zilizomwangusha mtu wetu. Basi Mwenyekiti wa baraza la parokia, mzee mwenye kahawa nyingi na kofia nzuri, ambaye alikuwa akiutamani udiwani ingawa mwenyewe alisema anasukumwa na watu, akatoa shauri. Tuuache mto pale darajani, alisema, tupande na ua wa shamba la kahawa, tuizunguke Kware, kisha turudi mtoni kwenye josho la ng'ombe. Kware wahesabiwe na watu wa ng'ambo. Mwamba ngoma, mwanangu, ngozi huivutia kwake, nasi siku hiyo tulivuta kwa mikono yote miwili.

Hakuna aliyepinga. Swali pekee lililoulizwa liliulizwa kwangu: "Nyambura, utaiandikaje hiyo isikike vizuri?" Hapo nikaonyesha usomi wangu. Nikaandika kwamba watu wa Kware ni "wakazi wa muda wasio na uhusiano wa kudumu na jamii ya eneo hili." Mwenyekiti aliyarudia maneno hayo mara mbili akitikisa kichwa kwa raha, nami nikarudi nyumbani nimejaa sifa. Waliosema akili nyingi huondoa maarifa walikuwa wamekutana na mtu kama mimi.

Sikufikiria maneno yale yangefanya nini yakishatoka kwenye karatasi. Kware hawakuwa na maji ya mfereji. Wanawake walichota yale yaliyotuama kwenye shimo la zamani lililoachwa, ya kijani, na watoto waliumwa tumbo mwaka mzima. Halmashauri ilikuwa imewaahidi mfereji, na ahadi kama hiyo hupitia kwa diwani wa wadi. Wakitolewa kwetu, watu wa ng'ambo wangesema hao ni wa huku, na huku tayari tungekuwa tumeandika kwamba si wetu. Mto ukijaa wasingevuka hata kwenda kupiga kura. Sentensi moja iliyopigwa taipu bila kosa ingewaacha watu wazima na watoto bila mtu wa kumpelekea kilio chao, na aliyeiandika alikuwa msichana anayejali zaidi pambizo za ukurasa.

Karatasi zilihitaji sahihi tano. Nne nilizipata Jumapili hiyo hiyo nje ya kanisa. Ya tano ilikuwa ya Katekista Ndirangu, mzee mrefu, mkavu, asiyeinua sauti, aliyeifundisha nusu ya parokia kusali. Ujanani mwake, enzi za mkoloni, alikuwa mshika mnyororo. Wakati mashamba ya Wakikuyu yalipokusanywa na kupimwa upya, yeye ndiye aliyeukokota ule mnyororo wa chuma wa wapimaji kutoka kigingi hadi kigingi. Alizisoma karatasi zangu zote akiwa amesimama, polepole, akafika mwisho, halafu akarudi ukurasa wa pili.

"Mwari," akaniita, ambalo kwa Kikuyu ni binti, "huu mpaka umepinda hapa."

"Ndio, Guka," nikamjibu, yaani babu. "Unazunguka Kware."

"Mimi nimeshika mnyororo miaka mitatu. Mpaka ikipinda, jua kuna kitu inakwepa. Ulienda ukawauliza?"

"Kina nani?"

"Hao unazunguka."

Nikamjibu kwamba baraza lilikubaliana. Hakubishana nami, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alinirudishia karatasi pamoja na kalamu yangu, akaniambia nije Jumamosi na viatu vya kutembelea.

Jumamosi tulianzia darajani. Alikuwa amejaza punje za mahindi kwenye mfuko mmoja wa koti. Alitembea kwa hatua zinazolingana, midomo ikihesabu, na kila alipomaliza urefu wa mnyororo mmoja alihamisha punje moja kutoka mfuko wa kulia hadi wa kushoto. Ilikuwa imepita karibu miaka arubaini tangu aache kazi ile, na miguu yake haikuwa imesahau kitu. Mimi nilimfuata nyuma na viatu vyangu vya kisigino, nilivyovivaa kwa ukaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu lilipona, lakini kisigino kimoja kilibaki kwenye tope la ule ua wa kahawa, na sidhani kimetoka hadi leo.

Nilipokuwa nimekaa chini nakiomboleza kisigino changu, akaniuliza kama naijua itoka. Niliijua. Nyanya yangu alikuwa nayo mwisho wa shamba lake, ule mmea wenye majani marefu na mzizi kama kitunguu ambao Wakikuyu walipanda kati ya shamba na shamba kuwa mpaka.

"Na ilikuwa inapandwa namna gani?"

Hilo sikulijua. Akanieleza kwamba ilipandwa mbele ya majirani wa pande zote mbili, wazee wakishuhudia. Jirani mmoja akikosekana, wazee walishika bakora zao wakarudi nyumbani kungoja, hata kama ni msimu mzima. Mtu akiamka peke yake akapanda itoka, mmea ule uling'olewa na yeye akaitwa mwizi, hata kama alikuwa ameupanda mahali pake hasa.

"Wewe umepanda peke yako," akamalizia. "Inuka twende."

Kware nilikuwa nimeisikia maisha yangu yote. Nyundo zake zilianza kulia kabla hatujawasha moto wa chai, na ziliendelea mpaka ng'ombe wanarudi. Lakini sikuwa nimewahi kufika ukingoni. Nilipotazama chini, nilimshika mzee mkono bila kujua. Shimo lilikuwa kubwa kuliko kanisa letu mara nyingi, kuta zake zimekatwa wima na kunyooka kama mkate uliokatwa na mtu mwenye subira. Kwenye kila ngazi ya mwamba walisimama watu, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na nyundo na tindo yake. Hapakuwa na mashine hata moja. Yote ile, kina chote kile, ilikuwa kazi ya mikono ya watu. Nilishikwa na kicho, mwanangu, siwezi kukuficha. Niliona aibu pia kwamba nimekulia mwendo mfupi kutoka hapo na sikujua.

Katekista akaita, "Barasa! Nimeleta katibu wa parokia. Ako na maneno yenu."

Barasa alikuwa kiongozi wa wachonga mawe, mtu wa makamo mwenye mabega mapana, kope zake nyeupe kwa vumbi. Aliinua mkono. Nyundo zikaanza kunyamaza, moja hapa, nyingine pale, ngazi kwa ngazi mpaka chini kabisa, hadi pakawa kimya. Nilikuwa nimeishi na sauti ile tangu kuzaliwa, kama mtu anavyoishi na mapigo ya moyo wake, na sikuwa najua kwamba inaweza kukoma. Watu wote wale walikuwa wameinua nyuso wananitazama mimi.

"Soma," Katekista akaniambia.

Nikaanza kwa sauti ya ofisini. Ukurasa wa kwanza ulipita. Kwenye wa pili sauti ilianza kunipungua, na nilipofika kwenye sentensi yangu nikairuka.

"Hapo umeruka," mzee akasema bila kunitazama.

Nikarudi, nikaisoma. Barasa akapanda zile ngazi za mawe taratibu mpaka tulipokuwa. Nilidhani atanitukana. Afadhali angenitukana.

"Dada," akasema kwa upole, "hebu soma hapo tena. Hapo kwa muda."

Nikasoma tena.

"Sasa mimi nauliza tu nielewe. Huo muda ni miaka ngapi?"

Nikageuza ukurasa, kana kwamba jibu lingekuwa limeandikwa nyuma yake.

"Sababu mimi nilikuja hapa sina hata ndevu. Nimeoa hapa, watoto wangu wote wamezaliwa hapa. Wawili na mama yao wako pale." Alielekeza kidole kwenye mwinuko mdogo nyuma ya nyumba za mabati. "Nataka tu kujua imebaki ngapi ndio nikuwe wa kudumu."

Mama mmoja aliyeitwa Mueni, mtoto mgongoni na tindo mkononi, akauliza kutoka chini, "Na ile mfereji tuliahidiwa? Itakuja upande gani?"

"Sijui, mama," nikasema.

"Basi si uandike hapo pia. Uandike hujui."

Barasa alitupeleka kwenye ule mwinuko. Palikuwa na makaburi, na juu ya kila kaburi msalaba wa jiwe uliochongwa vizuri kuliko misalaba yoyote niliyowahi kuona, hata ya matajiri wa Thika. Majina yalikuwa yamekatwa kwa tindo, herufi zimenyooka, hakuna iliyozidi mwenzake. Mtu aliyekaa kwenye nyumba ya bati linalovuja alikuwa amemjengea mkewe kitu ambacho kingesimama miaka mia. Kisha Katekista akanieleza, kama mtu anayesema habari za hali ya hewa, kwamba mawe ya kanisa letu yalitoka katika shimo lile, na kwamba altare aliichonga Barasa akiwa kijana. Mwanangu! Tangu komunyo ya kwanza nilikuwa nikipiga goti mbele ya kazi ya mikono ya mtu huyu, na nilikuwa nimeandika kwamba hana uhusiano na sisi. Nilikaa chini juu ya nyasi, nikalia kwa sauti mbele ya watu nisiowajua.

Waliniletea kigoda na chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati. Nikageuza karatasi upande wa nyuma nikaandika wanayosema. Hawakuwa na mengi. Waliomba mpaka ufuate mto, basi. Nilipofunga kalamu Barasa akaniambia, "Na hiyo wadi yenu pia tuombe. Sisi pia tunaitaka." Sikuamini masikio yangu. Katekista, aliyejua hesabu, akanikumbusha jambo ambalo sisi wasomi wa baraza hatukulifikiria hata kidogo: tume hutazama idadi ya watu, na bila Kware tulikuwa wachache mno hata kusikilizwa. Tulisema kila harusi, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumbe tulikuwa tukiimba tu.

Jumapili baada ya misa baraza likakutana tena kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, nami nikasoma karatasi mpya. Mwenyekiti alisimama kabla sijamaliza.

"Wewe katibu ni wa nani? Wetu ama wa Kware? Tulikubaliana hapa, ukaandika, watu wakatia sahihi. Sasa umeandikiwa na nani?"

Alikuwa mtu aliyenunulia kanisa kengele. Wengine wawili wakamuunga mkono, nikaona karatasi yangu imekufa. Ndipo Katekista akainuka, akaomba ruhusa asimulie jambo ambalo alisema hajawahi kulisema hata kwenye kitubio bila kulipunguza.

Alisema wakati wa hali ya hatari aliyoitangaza mkoloni, walipokuwa wakipima mashamba, wanaume wengi walikuwa kizuizini. Mmoja wao alikuwa Gitau, rika lake na jirani yake, walitahiriwa siku moja. Shamba la Gitau lilikuwa na chemchemi. Mpaka wa zamani ulipita juu ya chemchemi ile, na itoka ilikuwepo, yeye Ndirangu aliijua tangu utoto. Wakubwa wa kamati wakasema mnyororo upitishwe chini, ili maji yaingie kwa mtu waliyemtaka wao.

"Mimi ndio nilikuwa nashika," akasema. "Nilikuwa na kazi, nilikuwa na buti za serikali. Nilijua ni uongo. Nikavuta."

Chumba kizima kilikuwa kimemwelekea. Padri aliacha kukunja stola yake.

"Gitau akarudi. Akatembea shamba, akaona itoka imeng'olewa. Akakuja kwangu akaniuliza kitu moja tu. Akasema, Ndirangu, ulikuwa hapo? Nikamwambia ndio, nilikuwa. Hakuniuliza kitu ingine mpaka akakufa." Akapangusa mdomo kwa kitambaa. "Mpaka ya mtu hayuko, mimi sishiki tena. Nyinyi mkitaka mvute."

Alikuwa na umri wa kuheshimika, kila mtu alimwita mtakatifu mtarajiwa kwa utani, na alikuwa amejivua nguo mbele yetu kwa ajili ya watu ambao baadhi yetu hatukuwa tumewahi kuwasalimu. Nimeona maaskofu, nimeona wakubwa wa nchi wakipita na ving'ora, na hakuna aliyewahi kunijaza kicho kama mzee yule na kitambaa chake. Padri alitia sahihi wa kwanza. Mwenyekiti alivaa kofia akatoka bila kuaga. Siku nne baadaye alifika kwetu nyumbani, akakataa chai ya mama yangu, akatia sahihi haraka kana kwamba kalamu imepakwa pilipili, akaenda zake. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa kengele.

Siku ya kikao Thika ukumbi ulijaa makundi ya kila wadi, kila moja na karatasi zake, kila moja likivuta upande wake. Zamu yetu ilipofika nikasoma bila kuruka kitu. Mwenyekiti wa tume, mama mwenye miwani aliyeonekana amechoka kwa kusikiliza, akaniuliza kama watu hao wa Kware wanajua nimewasemea. Nilikuwa nimetegemea Barasa na labda wengine watatu, maana kwao siku bila nyundo ni siku bila unga.

"Wako hapa?" akauliza.

Nyuma yangu nikasikia viti vikisogea. Nikageuka. Safu nne za nyuma zilikuwa zimesimama zote, wanaume na wanawake, wamevaa nguo za Jumapili siku ya kazi, Mueni na mtoto wake katikati. Walikuwa wametembea tangu alfajiri. Halafu, bila mtu kuwaambia, wenye mashamba wa parokia yetu wakaanza kusimama nao, mmoja mmoja, mpaka huwezi kutofautisha nani ni nani. Yule mama wa tume alivua miwani akatutazama. Mimi nilisahau kwamba bado nimesimama mbele ya kipaza sauti, nikamwita Mungu kwa Kikuyu, "Ngai!" na ukumbi wote ukanisikia.

Wadi yetu, mwanangu, hatukupewa. Nakwambia hivyo usije ukadhani ukitenda mema serikali hukulipa papo hapo. Walisema tungoje wakati mwingine. Lakini mpaka walioutangaza ulifuata mto kutoka daraja hadi josho bila kupinda popote, Kware ikabaki kwetu. Mfereji ulikuja, ulichelewa kama vitu vyote vya serikali, lakini ulikuja, na siku ya kufunguliwa nilikunywa maji mengi mpaka Mueni akanicheka. Katekista alifariki miaka michache baadaye. Msalaba wake aliuchonga Barasa, naye hakumruhusu mtu mwingine hata kushika jiwe.

Sasa nikuambie kwa nini nimekuweka hapa mpaka chai imepoa.

Huo wakati mwingine tulioambiwa tungoje umefika. Tume inazunguka tena na parokia imewapa nyinyi vijana kazi ya kuandika, jambo lililonifurahisha. Karatasi uliyoniletea nimeisoma yote. Mmeandika vizuri, hakika mmenishinda, na hiyo ramani ya kompyuta ni ajabu tupu. Nchi yenyewe imebadilika. Palipokuwa na kahawa pana ghorofa. Tazama Mugutha, tazama Gatongora, kila siku ploti mpya, kila siku lori la vyombo linashusha familia. Mmeogopa kwamba hao wapangaji watawameza, na hofu yenu naielewa kwa sababu niliwahi kuwa nayo. Lakini kwenye aya yenu ya sita mmeandika kwamba wapangaji wa ghorofa "hawana mizizi hapa" na kwa hivyo wahesabiwe na wadi jirani. Nilipofika hapo nilivua miwani. Siwezi kukucheka, nyani haoni kundule, na mimi langu nilionyeshwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na naisema wazi usije ukasema Cucu, huyu bibi kizee, alizunguka. Usimwandikie mtu mpaka akiwa hayupo. Jumamosi hii nenda kwenye hizo ghorofa, asubuhi wakiwa wanafua. Usiwatumie kwa simu, usibandike ukutani. Panda ngazi, bisha mlango, salimia, kisha wasomee aya ya sita kwa mdomo wako mwenyewe, yote, ukiwatazama. Ukiweza kuifikisha mwisho na sauti yako isipungue, irudishe hapa nami nitatia sahihi yangu palipobaki. Ikikukwama kooni, kaa chini hapo hapo kwao uandike upya, na ukipewa chai usiikatae. Wazee wetu walisema mwerevu ni yule aliyekubali kushauriwa, na wewe umekaa ukanisikiliza mpaka mwisho, hilo tayari ni jambo kubwa.

Basi nenda, mwanangu. Mungu aubariki mguu wako unaokwenda na unaorudi. Akupe majirani wengi na vikao virefu. Na siku wewe mwenyewe utakapohamia mahali ambapo hakuna anayelijua jina la baba yako, akukutanishe na wenyeji wenye moyo mpana kuliko tuliokuwa nao sisi.